Mwongozo wa Kubadilisha Elektroniki za Kigunduzi cha Chembe Bila Kupoteza Kipimo cha Zamani

Maswali ya watu wanaoingia katika kazi hii kwa mara ya kwanza hayabadiliki sana. Mmoja huuliza kama anaweza kung'oa bodi zote za zamani kwa siku moja na kufunga mpya. Mwingine amekwisha kufunga bodi ambazo kwenye karatasi ni bora kwa kila kigezo, lakini kelele imeongezeka mara tatu, naye haelewi kosa liko wapi. Wa tatu ana data zinazoonekana safi kabisa, ila hakuna awezaye kumhakikishia kwamba nishati anayopima leo inalingana na ile iliyopimwa na mfumo wa zamani. Nimeyajibu maswali haya mara nyingi kwa vipande vipande. Hapa ninayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku ya kwanza ya maandalizi hadi siku ambayo bodi za zamani zinaweza kuondoka.

Kazi ninayoizungumzia ni ya aina moja. Kigunduzi chenyewe kinabaki mahali pake, kiwe cha sintileta (mada inayotoa mwanga chembe inapopita) na mirija ya fotomaltiplaya (inayogeuza mwanga huo kuwa pigo la umeme), cha gesi na nyaya, au cha silikoni. Kinachobadilika ni elektroniki zinazopokea mapigo madogo ya umeme kutoka kwenye kigunduzi, kuyakuza, kuyageuza kuwa namba na kuyapeleka kwenye kompyuta. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 2008 katika Super-Kamiokande huko Japani, ambako mirija zaidi ya 11,000 inayotazama tangi la tani 50,000 za maji ilibaki palepale huku bodi zinazoisoma zikibadilishwa. Ndivyo ilivyofanyika pia katika Pierre Auger Observatory huko Argentina, ambako vituo vya uwandani vilivyokuwa vikisoma ishara mara milioni 40 kwa sekunde kwa biti 10 vimepewa bodi zinazosoma mara milioni 120 kwa biti 12. Huenda wewe una chaneli 64 tu, yaani njia 64 za ishara zinazosomwa kila moja peke yake. Hatua ni zilezile.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ramani ya chaneli inayoonyesha kila kigunduzi, kebo yake, bodi yake na namba yake katika data, hata kama unashuku kwamba ina makosa.
- Michoro ya saketi za bodi za zamani na za bodi mpya, pamoja na nakala ya programu dhibiti (ile inayokaa ndani ya bodi na kuiendesha) inayotumika sasa.
- Multimita, osiloskopu yenye upana wa bendi usiopungua megahezi 500, jenereta ya mapigo, na kapasita ndogo za kuingizia chaji ambazo thamani yake umeipima mwenyewe.
- Vizibo vya omu 50 vya kutosha (vya kufunga ncha za kebo ili ishara isirudi), kwa sababu hivi hupotea kuliko kitu kingine chochote maabarani.
- Mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, wenye rezista ya megaomu 1, na mkeka wake.
- Darubini ndogo ya kukagulia ncha za nyuzi za mwanga, vifaa vya kuzisafishia, na kipima-nguvu ya mwanga.
- Bodi za akiba. Mimi sianzi kazi nikiwa na chini ya bodi moja ya akiba kwa kila bodi kumi.
- Lebo zisizobanduka na daftari moja, siyo matatu.

Kuhusu usalama nitasema machache, lakini yashike. Mirija ya fotomaltiplaya hufanya kazi kwa volti 1,000 hadi 2,000, na kapasita za saketi zake hubaki na chaji baada ya umeme kuzimwa. Zima, subiri, kisha pima kwa multimita inayostahimili volteji hiyo kabla ya kugusa. Mwanga wa leza katika nyuzi nyingi za data ni infraredi ambayo jicho haliioni, kwa hiyo usichungulie ncha ya uzi kwa kudhani kwamba giza ni ishara ya usalama. Na usifanye kazi ya volteji ya juu ukiwa peke yako.

Hatua ya 1: Andika kwa namba sababu ya kubadilisha

"Bodi za zamani zimechakaa" si sababu inayoweza kupimwa. Andika ni matukio mangapi kwa sekunde mfumo wa sasa unaweza kusoma na ni mangapi unayataka, chaji ndogo kabisa na kubwa kabisa unazotaka kuzipima, na usahihi wa muda unaouhitaji. Kwa mfano, ADC (kifaa kinachogeuza ishara kuwa namba) ya biti 12 ina ngazi 4,096. Ukiweka kiwango cha sifuri kwenye ngazi ya 200 na ukataka chembe moja inayopita moja kwa moja iache ngazi 20, basi ishara kubwa kabisa utakayoweza kuipima ni sawa na chembe zipungufu kidogo ya 200 kwa pamoja. Zaidi ya hapo ADC inajaa na kipimo kinakatika. Hesabu hii ya mistari miwili imewaokoa watu kuagiza bodi zisizowafaa.

Hatua ya 2: Upime mfumo wa zamani kabla ya kuugusa

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Mfumo wa zamani, pamoja na uchovu wake, ndio kitu pekee duniani kinachojua kigunduzi chako kilikuwa kinasema nini. Ukishaung'oa, hakuna chombo kitakachokurudishia kipimo ambacho hukukichukua. Kwa hiyo chukua vipimo vifuatavyo vyote, kwa kila chaneli, ndani ya kipindi kifupi na bila kubadilisha kitu chochote katikati.

Anza na kiwango cha sifuri, ambacho wengi hukiita pedesteli: soma kigunduzi kwa nyakati za kubahatisha, wakati ambapo hakuna ishara inayotarajiwa, mara 10,000. Wastani unaoupata utakuwa na kosa la takribani sehemu moja ya mia ya upana wa kelele, jambo linalotosha kabisa. Hifadhi data ghafi za matukio yote, usihifadhi wastani na upana peke yake, kwa sababu baadaye utataka kujua kama kelele za chaneli mbili zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja.

Kisha ingiza chaji unayoijua. Pigo la milivolti 10 likipita kwenye kapasita ya pikofaradi 1 linaingiza femtokulombu 10, yaani elektroni zipatazo 62,400. Ingiza chaji za ukubwa tofauti usiopungua mitano, kuanzia karibu na kelele hadi karibu na ukomo wa ADC, ili upate mstari wa ukuzaji na uone pale unapoanza kupinda.

Baada ya hapo tumia chembe halisi. Myuoni za mionzi ya anga, yaani chembe zinazoshuka kutoka angani wakati wote, hazihitaji kibali wala mashine: kwenye usawa wa bahari hupita takribani myuoni moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, ikiwa kigunduzi kimelala mlalo. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kitapitiwa na takribani myuoni 6,000 kwa saa, na usiku mmoja wa saa 12 utakupa zaidi ya 70,000. Kigunduzi kilichosimama wima hupata chache zaidi, kwa hiyo kipe siku nyingi. Kilele cha myuoni, yaani ukubwa wa ishara unaojirudia zaidi myuoni zinapopita, ndicho kitakachokuwa daraja kati ya mfumo wa zamani na mpya, kwa kuwa myuoni hazijui umefunga bodi gani.

Mwisho, pima ucheleweshaji wa kila chaneli. Hapa ndipo mimi nilipokosea. Katika kazi yangu ya kwanza ya aina hii tulichukua viwango vya sifuri na vilele vya myuoni kwa uangalifu mkubwa, tukang'oa kreti (makasha yanayobeba bodi), tukabadilisha kebo kwa sababu za zamani zilikuwa chafu na zimekakamaa, kisha tukagundua kwamba kebo hizo hazikuwa za urefu mmoja. Katika kebo ya kawaida ya koaksia ishara huchukua karibu nanosekunde 5 kwa kila mita. Tofauti ya mita mbili ni nanosekunde 10, na hakuna aliyekuwa ameandika popote kebo ipi ilikuwa ya urefu gani. Zile kebo zilikuwa zimekwisha kutupwa. Masahihisho ya muda tuliyoweza kuyapima kwa alasiri moja yalitugharimu miezi ya kuyabahatisha kutoka kwenye data zenyewe.

Piga picha za kila kreti mbele na nyuma, andika mkondo unaovutwa na kila pawa saplai, na andika halijoto ya chumba.

Hatua ya 3: Hakikisha ramani ya chaneli kwa kuijaribu

Usiiamini ramani uliyorithi. Ingiza pigo kwenye chaneli moja baada ya nyingine, au punguza volteji ya mrija mmoja baada ya mwingine, na uangalie ni namba gani inayobadilika katika data. Kebo mbili zilizopishana hazipigi kengele yoyote: zote zina ishara, zote zina kelele ya kawaida, na kosa hujificha hadi mtu anapojaribu kuchora njia ya chembe na kuona imepinda mahali pasipo na sumaku. Weka lebo kwenye ncha zote mbili za kila kebo, na uiweke kabla ya kuichomoa.

Hatua ya 4: Jenga mnyororo mmoja kamili mezani

Kabla ya bodi mpya kukaribia kigunduzi, unganisha mezani mnyororo mzima: kipande cha kigunduzi au kapasita yenye ukubwa sawa nacho, kebo ya urefu uleule utakaotumika, bodi mpya, uzi wa mwanga, na kompyuta yenye programu ileile. Sharti la kapasita si mapambo. Kelele ya kikuzaji cha awali hukua kadiri kapasitansi ya kile kilichounganishwa kwenye mlango wake inavyokua, kwa hiyo bodi iliyopimwa ikiwa mlango wake uko wazi itakupa namba nzuri ambayo hutaiona tena maishani mwako.

Uache mnyororo huo ukifanya kazi kwa wiki kadhaa, na uutumie kama utakavyotumika kweli: uzime na kuuwasha, ubadilishe mipangilio, ukate mawasiliano kwa makusudi na kuyarudisha. Kisa cha CMS, mojawapo ya majaribio makubwa ya chembe, kinaeleza sababu kuliko maneno yangu. Kigunduzi chake kipya cha pikseli kilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2017 huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko karibu na Geneva, na mnamo Oktoba mwaka huohuo vibadilishi vya volteji vilivyo ndani yake vikaanza kufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mionzi ilikuwa imesababisha mkondo wa kuvuja ndani ya chipu, na kwamba madhara yalijitokeza chipu ilipozimwa kwa amri na kuwashwa tena. Mionzi peke yake isingetosha kuionyesha hitilafu hiyo, wala kuzima na kuwasha peke yake kusingetosha. Ilihitaji yote mawili kwa pamoja.

Kama kigunduzi chako kiko karibu na boriti ya chembe za kichapuzi, uliza pia kitatokea nini chembe moja ikigeuza biti ndani ya FPGA, yaani chipu ya bodi ambayo mantiki yake hupangwa kwa programu dhibiti. Programu dhibiti inapaswa kuwa na njia ya kutambua mgeuko huo na kujirekebisha, ama kwa kuweka mantiki muhimu mara tatu na kupiga kura, ama kwa kuandika upya mipangilio mara kwa mara. Kwa majaribio ya myuoni za anga unaweza kuliruka suala hili bila majuto.

Hatua ya 5: Panga umeme na ethi kabla ya kufunga skrubu hata moja

Bodi za kisasa hutumia volteji ndogo na mkondo mkubwa, na hapo ndipo kebo za umeme za zamani zinapoanza kusaliti. Kebo yenye ukinzani wa miliomu 20 tu, ukiipitisha amperi 10, inapoteza volti 0.2. Kwa mfumo wa volti 12 hilo ni jambo dogo. Kwa chipu inayotaka volti 1.2 ni moja ya sita ya umeme wake wote. Kwa hiyo ama weka kebo nene, ama peleka volteji ya juu na uishushe karibu na bodi, ama tumia pawa saplai yenye nyaya za kupimia volteji kwenye mwisho wa kebo.

Kuishusha karibu na bodi kuna gharama yake. Vibadilishi vinavyofanya kazi kwa kukata na kuunganisha mkondo hutoa kelele katika masafa ya mamia ya kilohezi hadi megahezi kadhaa, ndani kabisa ya bendi ambayo vikuzaji vyako vinaisikiliza. Vifunike kwa kasha la chuma, viweke mbali na milango ya ishara, na upime kelele vikiwa vimewashwa na vikiwa vimezimwa, ukitumia pawa saplai ya kawaida kama mlinganisho.

Ethi, yaani muunganisho wa saketi na ardhi, ndiyo chanzo cha nusu ya maswali ninayoyapata. Kanuni ni nyepesi kuisema na ngumu kuitimiza: kigunduzi kiwe na sehemu moja tu ambapo ethi ya ishara inakutana na ethi ya jengo, na mahali hapo pajulikane na kuchorwa. Kila kebo mpya yenye ganda la chuma, kila kreti iliyofungwa kwa skrubu kwenye fremu, na kila kompyuta iliyochomekwa kwenye soketi ya ukuta mwingine inaweza kufungua njia ya pili, na njia mbili zikikutana ni kitanzi kinachonasa kila uga wa sumaku unaopita. Kabla ya kuunganisha, pima ukinzani kati ya fremu ya kigunduzi na kasha la kreti mpya. Kama mchoro unasema haviunganiki, multimita nayo iseme hivyo. Nyuzi za mwanga husaidia sana hapa kwa kuwa hazipitishi umeme.

Onyo: kamwe usikate ethi ya usalama ya kifaa chochote ili kuondoa kelele. Wapo wanaofanya hivyo na kelele kweli ikapungua, lakini sasa kasha lao linaweza kushika umeme wa ukutani siku insuleta itakapoharibika. Kitanzi huvunjwa upande wa ishara, kwa transfoma, kwa uzi wa mwanga au kwa pawa saplai inayoelea.

Hatua ya 6: Saa ya mfumo na nyuzi za mwanga

Bodi zote zinapaswa kufuata saa moja. Kwenye LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha protoni, mafungu ya protoni hukutana kila baada ya nanosekunde 25, na bodi inayokosea kwa hatua moja ya saa hukabidhi ishara yake kwa mgongano wa jirani. Katika maabara ndogo madhara si makubwa kiasi hicho, lakini kanuni haibadiliki: sambaza saa kutoka chanzo kimoja, tumia njia zenye urefu unaojulikana, na uhakikishe kwamba uhusiano wa awamu kati ya bodi na bodi hurudi uleule kila unapozima na kuwasha. Jaribu jambo hili mara 50 mezani. Mara 3 hazitoshi kuonyesha tatizo linalotokea mara moja kati ya 20.

Kuhusu nyuzi, kagua kila ncha kwa darubini na uisafishe kabla ya kuichomeka, hata ikiwa imetoka kwenye mfuko mpya. Usikunje uzi zaidi ya ukomo ulioandikwa na mtengenezaji. Kisha pitisha mfululizo wa biti unaojulikana na uhesabu makosa. Ukitaka kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba makosa hayazidi biti moja katika trilioni, sharti upitishe biti trilioni 3 bila kosa hata moja. Kwa kiungo cha gigabiti 10 kwa sekunde hiyo ni dakika 5. Hakuna kisingizio cha kutofanya jaribio la dakika 5.

Hatua ya 7: Funga sehemu moja tu

Chagua sehemu ndogo ya kigunduzi, tuseme moja ya nane, uifunge bodi mpya, na uache sehemu iliyobaki ikisomwa na bodi za zamani. Najua kwamba ratiba inabana na kwamba kufanya yote kwa mkupuo kunaonekana kuokoa muda. Lakini ukibadilisha yote kwa pamoja, kila tofauti utakayoiona inaweza kutoka kwenye bodi, kwenye kebo, kwenye programu, au kwenye kigunduzi chenyewe, na huna pa kusimama ili uzitenganishe. Sehemu ya zamani inayoendelea kufanya kazi ndiyo shahidi wako: kama nayo imebadilika, tatizo haliko kwenye bodi mpya.

Kwa sababu hiyohiyo usibadilishe kebo, volteji ya mirija, au programu ya uchambuzi katika wiki ileile. Kitu kimoja, kisha kipimo, kisha kitu kingine.

Wapo wanaotaka kugawa ishara moja kwenda mifumo yote miwili kwa wakati mmoja. Inawezekana, ila kigawanyi cha kawaida cha rezista hupunguza ukubwa wa ishara kwa nusu na hubadilisha kelele, hivyo hesabu hilo kabla ya kulalamikia bodi.

Hatua ya 8: Washa kwa mpangilio

Weka ukomo wa mkondo kwenye pawa saplai juu kidogo ya kile ulichokipima mezani. Washa feni au upoezaji kwanza, kisha bodi, kisha saa, kisha mawasiliano. Volteji ya juu ya kigunduzi ndiyo ya mwisho, nayo ipandishwe polepole. Subiri halijoto itulie, jambo linaloweza kuchukua saa nzima, kabla ya kuandika namba yoyote. Kama upoezaji wako ni wa kimiminika baridi, hakikisha hewa inayozunguka bodi ni kavu kiasi cha kutoacha umande, kwa kuwa maji kwenye bodi yenye volteji hayana subira.

Hatua ya 9: Weka vizingiti, kisha rudia vipimo vya hatua ya 2

Kizingiti ni ukubwa ambao pigo lazima liuvuke ndipo bodi ilihesabu. Kwa kila chaneli ingiza chaji moja isiyobadilika na upandishe kizingiti hatua kwa hatua, ukihesabu ni mapigo mangapi kati ya 1,000 yanayopita. Utapata mchoro wa umbo la S: mahali ambapo nusu ya mapigo hupita ndipo kizingiti kinapolingana na chaji hiyo, na umbali kati ya asilimia 84 na asilimia 16 ni mara mbili ya kelele. Ukirudia kwa chaji kadhaa, utakuwa umepima kizingiti, ukuzaji na kelele kwa kazi moja.

Weka kizingiti juu ya kelele kwa kiasi cha kutosha, na chini ya ishara ndogo unayoitaka. Katika silikoni ya unene wa maikromita 300, chembe inayopita huacha kwa kawaida elektroni zipatazo 22,000, yaani takribani femtokulombu 3.5, hiyo ndiyo nafasi yote uliyonayo, na mionzi ya miaka mingi huipunguza.

Sasa rudia kila kipimo cha hatua ya 2, kwa utaratibu uleule, na uweke matokeo kando kwa kando. Kelele na ukuzaji vinaweza kuwa tofauti, maana ndiyo sababu ya kununua bodi mpya. Kinachotakiwa kubaki ni uwiano: chaneli ambayo kilele chake cha myuoni kilikuwa juu ya wastani kwa asilimia 10 kwa sababu ya kigunduzi chenyewe, inapaswa kuwa juu vilevile. Ikiwa uwiano umevurugika, usiendelee na sehemu ya pili.

Hatua ya 10: Funga mipangilio, kisha endelea

Hifadhi toleo la programu dhibiti, vizingiti vyote na ramani ya chaneli mahali pamoja, na kila faili la data libebe namba ya toleo hilo. Baada ya hapo rudia hatua ya 7 hadi ya 9 kwa sehemu zinazofuata.

Kutafuta hitilafu

Kelele imepanda kwenye chaneli zote za bodi kwa pamoja. Chukua data ghafi za kiwango cha sifuri uangalie kama chaneli zinapanda na kushuka kwa wakati mmoja. Kama ndivyo, chanzo kiko nje ya chaneli: ethi au umeme. Pima masafa yake kwa osiloskopu. Hezi 50 au 60 na vizidisho vyake huelekeza kwenye kitanzi cha ethi. Mamia ya kilohezi huelekeza kwenye kibadilishi cha volteji.

Chaneli moja ina kelele ndogo kuliko jirani zake. Wanaoanza hufurahi. Mara nyingi maana yake ni kwamba kigunduzi kimekatika kutoka kwenye bodi, na kikuzaji hakioni tena kapasitansi yake. Kagua kiunganishi kwanza, kisha lehemu.

Kila pigo lina pacha wake mdogo anayekuja baadaye. Ishara inarudi kutoka kwenye ncha isiyo na kizibo cha omu 50. Umbali kati ya pigo na pacha unakuonyesha kebo: nanosekunde 100 ni mita 20 za kwenda na kurudi, yaani kebo ya mita 10.

Ishara zote za mrija zimepungua kwa kiasi kimoja, kati ya theluthi na nusu. Kuna vizibo viwili mahali pa kimoja. Bodi mpya huenda ina omu 50 ndani yake, na wewe umeacha kizibo cha zamani nje.

Muda wa baadhi ya matukio unaruka kwa hatua moja kamili ya saa. Bodi inasoma ishara pale ambapo ukingo wa saa unabadilika. Sogeza awamu kwa robo ya mzunguko na upime tena. Usisahihishe kosa hili ndani ya programu ya uchambuzi, kwa kuwa litahama siku halijoto itakapobadilika.

Kiungo cha mwanga kinafanya kazi asubuhi na kukatika mchana. Pima nguvu ya mwanga inayofika na uilinganishe na ile uliyoiandika mezani. Ikiwa imepungua, safisha ncha. Ikiwa haijapungua, tazama halijoto ya kifaa cha leza.

Idadi ya matukio hailingani kati ya bodi mbili. Linganisha kihesabu cha kichochezi (ishara inayoiamuru bodi kurekodi tukio) kilichomo ndani ya kila bodi, siyo idadi iliyofika kwenye kompyuta. Kama vihesabu vinalingana, bodi zilipokea sawasawa na upotevu uko kwenye usafirishaji. Kama havilingani, bodi moja ilikuwa bado na shughuli kichochezi kilipofika, na ishara yake ya kusema "subiri" haikufika au haikuzingatiwa.

Umekagua yote haya na tofauti bado ipo. Irudishe bodi ya zamani kwenye sehemu hiyohiyo, ukitumia kebo na volteji zilezile, na uchukue kipimo cha myuoni cha usiku mmoja. Likirudi jibu la zamani, kosa liko kwenye bodi mpya au programu dhibiti yake. Lisiporudi, kigunduzi kimebadilika wakati ulipokuwa ukihangaika na elektroniki. Jaribio hili linawezekana tu ikiwa bodi za zamani, pamoja na kebo zake zote na lebo zake, bado ziko kabatini. Ziache humo hadi sehemu ya mwisho ya kigunduzi ipite hatua ya 9.